Vikombe Vitano vya Nyumba ya Gakwaya

"Mama Gaju, hapa kwenu muko batu ngapi?"

Jirani yetu Capitoline ndiye aliuliza hivyo, asubuhi moja hapa Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi huku Uganda, mvua ikiwa imepumzika. Hakuwa na nia mbaya. Kesho yake maofisa walikuwa wanakuja kutuhesabu nyumba kwa nyumba, na kila mtu alikuwa anamuuliza mwenzake hivyo hivyo.

Mukarukundo alikuwa amekaa kwenye mkeka, igisabo mapajani, kile kibuyu chetu kikubwa cha kusukasukia maziwa. Binti yake wa kwanza, Gaju, miaka saba, alikuwa ameweka shavu kwenye tumbo la kibuyu, akiguna pamoja na maziwa: mmm, mmm. Gaju hasemi. Ukimwita hageuki. Kelele ya mvua kwenye bati inamfanya apige kichwa ukutani. Lakini kibuyu kikianza kutikiswa anatulia, kila asubuhi, fasi ile ile, shavu lile lile.

Mukarukundo akajibu bila kuinua macho.

"Tuko bane."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Kwenye kichanja cha vyombo niliona vikombe vitano, si vinne, vimefudikizwa, vinakauka. Tena mwanamke mwenyewe tunamwita kwa jina la mtoto huyo huyo ambaye hakumhesabu. Nikanyamaza, nikaenda zangu bombani. Ndugu zangu mnaosoma, kama ni kulaumu, anzeni na mimi.

Basi niwaeleze ilivyokuwa. Gakwaya, mume wa Mukarukundo, alitoka Kivu ya Kusini na familia yake miaka minne iliyopita. Kaka yake mkubwa, Cassien, alikuwa ametangulia hapa miaka mingi, anangojea safari ya kupelekwa kuishi ng'ambo, na dosiye zao, yaani faili, zilifungwa pamoja: mmoja akikwama, wote wamekwama. Siku ya kuandikishwa, Cassien alimtazama Gaju, wakati huo miaka mitatu, akamwambia mdogo wake kwamba familia yenye mtoto wa namna hii inawekwa kando. Amuache nje ya karatasi. Wakifika kule watamuita. Nani alimwambia hivyo, hakutaja. Gakwaya alimheshimu mkubwa wake, akaandika jina lake, la mke wake na la mtoto wao wa pili, bila la Gaju. Baadaye mdogo wa mwisho akazaliwa hapa, akaandikwa, na karatasi ikawa na watu wanne.

Tangu hapo kila wageni wakija, Gaju alifungiwa ndani. Lakini alikuwa amekua, na alikuwa anapiga mlango. Ndiyo maana mchana ule wa swali la Capitoline, Gakwaya alimbeba mpaka mjini Mbarara, kwa Kantengwa, mama wa ukoo wao anayeshona nguo mtaa wa Nyamityobora. Akamwacha huko. Kesho yake ofisa akauliza, Gakwaya akajibu wanne, ofisa akaandika. Ikabaki intavyu, mahojiano ya safari yao, siku mbili mbele.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwa Mukarukundo tena. Alikuwa anasukasuka maziwa, mkono wake mmoja umelala kwenye mkeka, fasi Gaju alikuwa anakaa. Simu ikalia. Ilikuwa Kantengwa. Mvua kubwa ilishuka Mbarara, bati likaanza kelele, Kantengwa akatoka kidogo kuanua nguo za wateja, kurudi mlango uko wazi. Mtoto hayuko.

Gaju hajui kusema jina lake, na hakuna karatasi duniani iliyolisema kwa niaba yake. Hilo ndilo lilituua mioyo njiani kwenda Mbarara, mimi na Mukarukundo. Mukarukundo alifunga kibuyu kwenye kitenge, maziwa yakiwa ndani, akakibeba mgongoni kama mtoto. Nilifikiri akili imemtoka. Niliomba kimya kimya mpaka tukaingia mjini.

Tulimkuta kwenye kituo kimoja cha polisi. Ketty, mke wa askari wa kambi ya jeshi pale mjini, alikuwa amemuona amejikunyata kando ya ukuta wa kambi, mikono masikioni, akamfunika na koti la mume wake, akamleta. Gaju alikuwa chini ya meza. Gakwaya na Cassien walikuwa wametutangulia, wamesimama mbele ya afande Aloysius, ambaye alikuwa ameshika karatasi yao ya familia.

"Hii iko na majina ine," Aloysius akasema. "Ya huyu mtoto iko wapi? Nyinyi iko watu ngapi?"

Gakwaya akaita, "Gaju." Mtoto hakugeuka. Akaita tena.

"Hapana ita yeye baba," Ketty akasema, akasimama kati ya Gakwaya na meza. "Namna gani mimi nitajua kama huyu si mwizi ya watoto? Afande, mimi hapana toa huyu mtoto."

Nilimsikia Cassien akimnong'oneza mdogo wake kwa lugha yetu: aseme ni mtoto wa jirani, yule mama jirani atamchukua, intavyu ni kesho. Na jirani ndiye mimi. Jasho lilikuwa linamtiririka Gakwaya. Alikuwa anatazama sakafu.

Hapo Mukarukundo akakaa chini kwenye saruji, akafungua kitenge, akaweka kibuyu mapajani, akaanza kutikisa. Maziwa yakalia ndani. Gaju akatoa mkono mmoja sikioni, halafu wa pili. Akatambaa kutoka chini ya meza, akaweka shavu lake fasi yake. Mmm, mmm.

Ketty akasogea pembeni.

"Mama nimeona," Aloysius akasema. "Baba iko wapi?"

Cassien akakohoa.

"Ni mimi," Gakwaya akasema. "Ni mtoto wangu wa kwanza. Jana nilidanganya."

Aloysius akamwandikia barua ya kupeleka ofisi ya wakimbizi, akamwambia aende akaseme mwenyewe kwa mdomo wake. Baadaye, tukimpeleka Gaju hospitali, tuliambiwa hali yake inaitwa usonji. Si pepo, si laana, wala mama hakukosa kitu. Kanisani tulikuwa tumefunga na kuomba pepo la ububu litoke. Sasa tunaomba subira, na tunampeleka kwa wanaomfundisha.

FUNDISHO

Wazazi, mtoto asiyesema ndiye wa kuandikwa wa kwanza, kwa sababu akipotea hataweza kujitaja. Ukimficha kwa ajili ya safari, umemuacha njiani kabla hujaondoka. Maneno ya uvumi muyaulizie yalikotoka. Tuliuliza sana, na hatukumpata ofisa hata mmoja aliyeyasema. Na jirani ukiona vikombe vitano ukasikia hesabu ya wanne, sema, hata kwa upole. Mungu hakosei hesabu ya watu wake. Sisi ndio tunampunguzia.

Safari yao? Hatujui. Gakwaya alienda ofisini, na dosiye imerudi kungojea, ya kwake na ya kaka yake.

Juma lililopita Cassien alikuja kwao, nami nilikuwepo. Akakaa, akapewa maziwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye amezeeka hapa, mdogo wake arudi ofisini aseme mtoto ni wa jirani, miezi michache tu. Hakumtukana mtu. Alikuwa karibu kulia, na nilimhurumia.

Gakwaya alimngojea Gaju anywe kwanza, maana Gaju hanywi ila kwenye kikombe chake cha kijani. Kisha akasema, "Mukubwa wangu, tuko batano."

Cassien akaweka kikombe chini, maziwa yamejaa kama yalivyotoka. Sisi tuliokulia kwenye ng'ombe tunajua kuacha maziwa ya ndugu maana yake ni kuukataa undugu wake. Akachukua fimbo yake, akatoka.