Nitue, Nyapara

Ajiambo, mke wangu, alinituma makaa jua likizama. Ni mwendo mfupi tu, nyuma ya reli ya zamani hapa Voi. Nakiri niliondoka nikinung'unika, hata kuomba sikuomba.

Nilipofika kwenye vichaka nikasikia harufu... Kamba za meli zilizolowa. Grisi. Maji ya chumvi.

Bahari iko mbali na Voi, jamani. Hapa hata mvua tunaisikia kwa majirani.

Mbele yangu kulikuwa na mtu ameinama, magunia mawili mgongoni, uso hauonekani. Maji yalikuwa yakimdondoka miguuni. Tone... tone...

"Nitue, nyapara," akanong'ona.

Voi mimi ni Baba Tryphena. Nyapara nilikuwa Mombasa bandarini, kwenye genge la kupakua sukari melini. Genge letu lilikuwa na sheria moja: aliyekutwika mzigo ndiye anakutua, kwa sababu ndiye anajua umelalia wapi. Mwingine haruhusiwi kuugusa.

Mimi niliivunja. Mungu anisamehe. Mwaka juzi, ndani ya tumbo la meli, Wabwire aliniambia mgongo umekataa. Nikamcheka, nikasema hata mke wake Kavetsa angebeba zaidi. Nikamtwika gunia la pili kwa mikono yangu hii, apeleke kwenye wavu wa winchi. Simu yangu ikalia. Akaniita nimtue. Nikamwambia ngoja...

Akaanguka katikati ya magunia, uti wa mgongo ukakatika. Kwenye ripoti niliandika kwamba alikuwa akicheza kazini. Alilala hapa Voi kwa Kavetsa miezi minne, kisha tukamzika. Hata jeneza nilishika.

"Nitue."

Nilitaka kukimbia. Mikono ikaenda yenyewe, kwa mazoea ya kazi. Nikashika magunia. Yalikuwa baridi kama samaki waliotoka kwenye friji. Nikavuta...

Hayakushuka chini.

Yule mtu akanyooka polepole, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza shifti, akaingia vichakani. Mimi nikabaki nimeinama.

Mpaka leo.

Hospitali walipiga picha, wakasema mgongo ni mzima. Mchungaji Danson amefunga na kuniombea siku saba. Ajiambo amehamia godoro lingine, kwa sababu langu linalowa kila siku, na likikauka linabaki na chumvi.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, yaani nilijaribu kusimama, nikakiri yote, mpaka ile ripoti. Moyoni nilijua Kavetsa akinisamehe mzigo utashuka. Watu walilia. Kavetsa akaja mbele, akaniwekea kiganja mgongoni. Alipokiondoa kilikuwa kimelowa. Akakitazama.

"Nimekusamehe, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Mpaka siku anakufa alikuwa akikuita umtue. Nilijaribu mimi. Akasema mzigo bado uko."

Nikamwomba ajaribu na kwangu, hata mara moja tu, kwa jina la Yesu.

Akajifuta mkono kwa leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Si mimi niliyekutwika."