Kahawa ya Kumpokea Edvina

Haya yalimpata rafiki yangu Edvina. Alifika kwao Kamachumu siku moja baada ya mama yake kuzikwa. Mama alikata roho ameshika kahawa ya kutafuna, ya kumpokea bintiye kama desturi ya kwao, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Wakamzika nayo.

Mwezi uliofuata, shoga yake Mariamu alimpeleka makumbusho Bukoba wapige picha, angalau acheke kidogo. Ndani ya nyumba ya msonge ya makumbusho hayo giza lilikuwa zito. Edvina akasikia jani kavu likifunguliwa taratibu.

“Mariamu, unafungua nini?”

“Nimeshika simu tu, dada. Tulia nikupige picha.”

Simu ikamulika.

Edvina anaapa mikono yake ilikuwa mitupu. Kwenye picha, kiganja chake kimejaa kahawa, nayo imegandwa na udongo mbichi.