Magongo ya Kipimo Kimoja

Kila alasiri akitoka shule, binti wa fundi seremala alivua sare, akashika ufagio na kuanza kuzoa maranda katika karakana ya baba yake. Baba alitengeneza magongo ya kutembelea, na wengi wa wateja wake walikuwa watoto walioumia miguu. Kila mtoto alipimwa kutoka kwapani hadi chini, kisha kutoka kiganjani hadi chini, na baba akaandika vipimo ukutani kwa chaki. Kazi ile haikutaka mchezo, kwa sababu gongo lisilomfaa mtu humtesa kuliko ule mguu wenyewe.

Mwaka huo binti alijiunga na darasa la kompyuta, na nyumbani hakuna aliyepumua kwa habari za Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Aliandika programu ya kutunza vipimo vya wateja, akaazimwa kompyuta kuukuu ya shule aiweke karakanani. Baba akampachika jina la Mhandisi. Naye kichwa kikamvimba, akalowesha kitambaa na kufuta chaki yote ukutani.

Wiki ile walipimwa watoto watano. Baba, miwani puani, alisoma utepe kwa sauti, na Mhandisi akaingiza vipimo. Alipomaliza alifungua vya mtoto wa mwisho, akaona viko sawa, akaridhika.

Siku ya kukata mbao, baba alisita mbele ya kompyuta. "Mhandisi, mbona hawa wote wanalingana?"

"Ulivyosoma ndivyo nilivyoandika, baba," alijibu bila hata kugeuka.

"Haya basi," baba akasema, akachukua msumeno.

Alhamisi alikuja kuchukua magongo yake Cheko, mmoja wa wale watano na rafiki wa Mhandisi wa dawati moja, aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kucheka. Alikuwa amevunjika mguu kwa kuanguka ngazini. Mtihani ulikuwa Jumatatu, na alikuwa ameapa kwamba hataingia chumba cha mtihani akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Aliyaweka magongo kwapani. Yalikuwa mafupi mno. Akainama kama anayetafuta sindano sakafuni, akajaribu hatua moja, na mama yake akamdaka kabla hajaanguka. Siku hiyo Cheko hakucheka.

Baba aliyatoa magongo yote, akayasimamisha ukutani. Yalikuwa na urefu mmoja, yote ya kumfaa yule mtoto mdogo aliyepimwa mwisho.

"Nisamehe, mama," alimwambia mama Cheko. "Ni macho yangu. Nimesoma utepe vibaya."

Wageni walipoondoka, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaivua. "Mwanangu, fundi asiyeona kipimo ataumiza watu. Nadhani wakati wangu wa kuweka msumeno chini umefika."

Mhandisi alikuwa mbele ya kompyuta. Alikuwa amefungua vipimo vya mtoto wa kwanza, akakuta vya mtoto wa mwisho. Wa pili, vilevile. Alijua wazi kwamba macho ya baba hayakuwa na kosa. Lakini hakumwambia; aliizima kompyuta, akachukua ufagio na kuzoa maranda.

Kesho yake alimfuata mwalimu wa kompyuta. "Shikamoo, mwalimu. Programu yangu imeharibu."

Mwalimu aliisoma polepole. "Baba yako akitengeneza rafu yenye nafasi tano, magongo yanajitokeza humo yenyewe?"

"Hapana, mwalimu."

"Na safu, ile orodha uliyoiandika ya kuwekea watoto, ni hivyohivyo. Ukishaiunda una nafasi tupu tu. Vitu vya kuweka humo lazima uviunde, kimoja kimoja. Wewe umeunda watoto wangapi?"

Mhandisi alifuata mistari kwa kidole. Mstari wa kuunda mtoto mpya ulikuwa juu, nje ya kitanzi kinachorudiwa kwa kila mteja. "Mmoja," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Umemuunda mmoja, ukaelekeza nafasi zote tano kwake. Kila ulipoandika vipimo vipya, ulifuta vya mwenzake. Uingize mstari huo ndani ya kitanzi, kila mtoto apate kitu chake."

Mhandisi aliusogeza mstari, akajaribu na watoto watatu wa kubuni, akaanza kukagua kutoka wa kwanza. Kila mmoja alikuwa na vipimo vyake.

"Programu imepona," mwalimu alisema. "Na baba yako je, umemwambia?"

Alikimbia hadi nyumbani. Baba alikuwa akifunga misumeno yake kwenye gunia.

"Baba, macho yako hayana kosa. Kosa ni langu. Nilijua tangu jana, nikaogopa." Akalia waziwazi, kamasi na machozi.

 Baba akafungua gunia. "Vipimo vya zamani viko wapi?"

"Vimefutika. Hata ukutani nilifuta mwenyewe."

"Basi tutawafuata watoto nyumbani kwao, na kila mzazi utamweleza wewe."

Jumamosi nzima walizunguka wakipima upya na kuomba radhi, na Jumapili wakakata na kupiga randa. Mbao zile fupi baba alizigeuza kuwa vishikio. Jumatatu asubuhi Cheko alivuka uwanja wa shule kwa miguu yake na magongo yake, mgongo wima, akaingia chumba cha mtihani akicheka peke yake.

Baba alikuwa amesimama getini na binti yake. "Kukosea katika kazi ni kawaida, mwanangu," alisema. "Mimi nimeharibu mbao nyingi kuliko unavyojua. Lakini kosa la kompyuta uliliondoa kwa kusogeza mstari mmoja. Ile siku moja uliyoniacha niamini kwamba nimekuwa kipofu, utaisogeza wapi?"

 Baba akamshika bega, akamsukuma taratibu kuelekea chumba cha mtihani.

Alasiri alipoingia karakanani, alikuta mteja mpya amekaa kwenye benchi. Kando ya ukuta palikuwa na kipande cha chaki. Baba alisoma utepe. Mhandisi aliandika vipimo ukutani, akaviingiza kwenye kompyuta, kisha akafungua safu nzima.

"Tukague, baba," alisema. "Tuanze na wa kwanza."