Baba Mageni na Ngata ya Mkewe

Mwaka wa sabini na sita, pale Didia, mkoa wa Shinyanga, alikuwapo mkulima wa pamba aliyeitwa Maige. Majirani walimwita Baba Mageni, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa na ng'ombe wa kulimia, baiskeli na mke mwema. Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Hakuwa na namna ya kukaa.

Uji aliunywa amesimama. Ugali aliula amesimama, bakuli mkononi. Katika mkutano wa kijiji watu wote walikaa chini, yeye akabaki wima kule nyuma. Mwenyekiti alidhani anataka kusema, akampa nafasi. Maige hakuwa na neno, lakini macho yote yalikuwa kwake. Basi akasema mizani ya pamba ikaguliwe. Watu wakapiga makofi. Mkutano wa pili mambo yakawa yale yale. Mkutano wa tatu wakamchagua kuwa mjumbe wa kamati ya pamba, kwa sababu haogopi kusema. Wengine walidai kwamba hata kulala analala wima kama punda. Huo ni uongo. Alilala kifudifudi.

Limi, mkewe, ndiye aliyejua sehemu ya siri hiyo. Kwa miaka miwili mumewe aliharisha, akapona, akaharisha tena. Wakati mwingine choo kilikuwa na damu na ute. Tumbo lilimkata. Suruali zilianza kumpwaya. Mapema katika miaka hiyo likaja jipu karibu na njia ya haja kubwa. Lilipasuka, likaacha tundu dogo lisiloziba. Kila siku tundu hilo lilitoa usaha. Pembeni pake kulikuwa na kinyama kilichovimba.

Maige alisema ni bawasiri, yaani vinyama vya njia ya haja kubwa, wala hakutaka swali zaidi. Aliona aibu kwenda zahanati. Badala yake alikwenda mnadani kwa Selestine, mtu mwenye wembe na dawa ya unga inayounguza. Selestine alimwahidi kukikata kinyama na kulichoma tundu Jumamosi ijayo. Alisema baada ya siku tatu mgonjwa atapanda baiskeli.

Maige alikuwa na haraka. Mwezi wa nane wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari ya Mageni. Kwa desturi, baba wa binti hukaa kwenye kigoda toka asubuhi mpaka mazungumzo yaishe. Akisimama katikati, wageni watadhani amekasirika na amewakataa. Mageni alimpenda yule kijana. Baba yake hakulala vizuri kwa kulifikiria jambo hilo.

Siku hizo ngata ya Limi ilianza kupotea. Ilikuwa pete nene ya kitambaa, ya kuweka kichwani chini ya ndoo ya maji. Limi aliitafuta kila asubuhi. Aliwasema watoto. Aliwasema mbuzi.

Alhamisi akaja Akida. Huyu alikuwa mganga wa zahanati, Mzaramo wa kutoka pwani. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo. Kila mtu anajua kwamba Mzaramo na Msukuma ni watani. Watani wanaweza kuambiana lolote na hakuna wa kununa. Akida alizunguka nyuma ya ghala, na hapo akamkuta Maige. Alikuwa amekaa kwenye gogo, polepole kama kuku anayeatamia. Chini yake ilikuwa ngata.

"Mwangaluka, mtani," Akida akasalimia. "Kumbe siku hizi Wasukuma mnabeba maji kwa makalio?"

Maige akacheka. Alicheka mpaka akaumia, na alipoumia machozi yakamtoka. Kwa mkwe asingesema. Kwa kaka yake asingesema. Lakini mbele ya mtani, aibu yake ilikuwa imekwisha kuchekwa, hakikubaki kitu cha kuficha. Akaeleza yote, na Jumamosi ya Selestine pia.

Akida aliacha utani. Akamuuliza kuhusu tumbo.

"Tumbo ni jambo jingine," Maige akasema. "Mimi naumwa huku nyuma."

"Ni njia moja, mtani. Inaanzia mdomoni na kuishia huko unakokalia. Utumbo wako umevimba na una vidonda ndani. Hilo tundu linaitwa nasuri. Ni kijia kinachotoka ndani ya utumbo mpaka kwenye ngozi. Ukilichoma juu, usaha utabaki ndani."

"Na kinyama?"

"Usikikate. Kwa mtu mwenye utumbo mgonjwa, kidonda cha hapo huweza kukataa kupona. Na wembe ukiugusa msuli unaobana choo, hutaweza kukizuia tena. Hapo ndipo utasimama wakwe wakija, na tena mbali nao."

Limi alikuwa pembeni mwa ghala, anasikia. Aliichukua ngata yake, akaikung'uta, akaitazama vizuri. Halafu akamrudishia mumewe. Akamwambia aende nayo hospitali, yeye atashona nyingine.

Jumamosi Selestine alingoja mpaka jua likazama. Maige alikuwa ndani ya treni ya kwenda Mwanza, na barua ya Akida mfukoni. Alisimama njia nzima. Alimpa kiti bibi mmoja, na bibi akambariki mara saba.

Kule hospitali kubwa daktari alipima choo, damu na kifua. Kwanza alitaka kujua kama si amiba wala kifua kikuu cha tumbo, kwa maana magonjwa hayo hufanana na ugonjwa huu, na dawa zake si zile zile. Kisha akaumulika utumbo kwa mrija wenye taa. Ikawa kama Akida alivyodhani. Walimpa dawa ya usingizi, wakautoa usaha, wakapitisha uzi laini ndani ya kijia kile ili usaha upate kutoka taratibu. Kinyama hawakukigusa. Wakampa vidonge vya kutuliza utumbo. Daktari akamwambia wazi kwamba ugonjwa huu hutulia na unaweza kurudi, hivyo asiache dawa kwa sababu tu anajisikia vizuri. Na akipata homa au uvimbe mpya, aje upesi.

Nyumbani Limi alimwandalia beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Maige alikaa humo robo saa. Baada ya choo alijisafisha kwa maji, akajikausha kwa kitambaa laini. Magunzi ya mahindi aliyokuwa akijipangusia aliwaachia ng'ombe. Kila mwezi alikwenda zahanati, na Akida alimpima uzito huku akimtukana.

Kuharisha kukapungua. Kinyama kikanywea chenyewe. Tundu lilitoa majimaji kidogo siku moja moja, lakini maumivu yalikuwa yamekwisha.

Mwezi wa nane wakwe walifika. Maige alikaa kwenye kigoda saa mbili asubuhi. Jua likapanda, mazungumzo yakakwama, yakaendelea, yakakwama tena. Wakwe walikuwa wamesikia habari za yule mjumbe anayesimama, wakawa wanamtazama magoti kwa hofu. Hakutikisika. Saa tisa wakapatana, na Mageni akapiga kigelegele jikoni kabla ya shangazi zake.

Wageni wote wakainuka kwenda kula. Maige peke yake akabaki kwenye kigoda.

"Simama basi, mtani," akamwambia Akida, ambaye naye alikuwa amealikwa. "Chakula kinapoa."

Maige akanyoosha miguu, akajiweka vizuri zaidi.

"Nileteeni hapa hapa," akasema. "Nina deni la miaka miwili ya kukaa, na leo ndiyo kwanza nimeanza."