Kikao Kilichojaa Wawakilishi

Asubuhi hiyo Mama Springi alikuwa anafumua kochi la mwalimu mstaafu. Ndani akakuta vitana, kalamu, kijiko cha chai na meno ya bandia.

"Jamani! Na huyu babu amekuwa akitafunia nini?" akasema, akacheka peke yake.

Jina la Mama Springi alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Hakuwa anatengeneza makochi mapya, hata siku moja. Yeye alikuwa anafufua yaliyochoka. Alifumua kitambaa, akabadilisha springi, akakaza mikanda, akaweka sponji mpya, kisha akalivalisha kochi upya. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kibao cha mlangoni alikichora mwenyewe, na herufi zilipanda juu kidogo upande wa kulia.

Mumewe akapita na kikombe cha chai, akiruka springi zilizozagaa sakafuni kama kawaida yake.

"Mke wangu, kaka ameuliza tena."

Kaka huyo wa mume alikuwa na duka kubwa la samani mpya. Alitaka Mama Springi akashone mito ya makochi kwenye stoo yake.

"Anataka jibu mwisho wa mwezi," mume akaendelea. "Kazi yenyewe ya uhakika. Na hiki chumba tungekipangisha. Unafikiri nakuonea? Baada ya kochi la mwalimu una kazi gani nyingine?"

Hakuwa nayo. Shemeji yake hakuwa mtu mbaya, lakini wafanyakazi wake aliwaita kwa kupiga mluzi. Na karakana hii ilikuwa yake. Kuifunga aliona ni sawa na kuambiwa akae kimya maisha yake yote.

"Nina kikundi changu," akasema. "Ngoja kidogo."

"Kikundi!" Mume akaguna, akaenda zake.

Kikundi chenyewe kilikuwa kitu rahisi. Mafundi na wafanyabiashara wa mtaa walikutana kila Jumanne asubuhi katika studio ya mpiga picha. Kila kazi ilikuwa na mtu mmoja tu. Fundi bomba akisikia mteja wake anazungumzia makochi, amwelekeze mteja huyo kwa Mama Springi. Mama Springi akisikia mteja wake analalamikia bomba linalovuja, amwelekeze kwa fundi bomba. Basi. Mama Springi ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti, kwa sababu hagombani na mtu.

Mwanzoni wateja walikuja. Kisha wanachama wakaanza kukosa vikao. Huyu amebanwa, yule ana safari. Mama Springi aliona aibu kuongoza viti vitupu, akatoa tangazo.

"Ukibanwa, tuma mwakilishi. Kiti kisikae bure."

Weee! Watu walilipokea tangazo hilo kwa mikono miwili. Fundi bomba akamtuma mama mkwe wake. Fundi wa madirisha akamtuma mjomba wake, ambaye alisinzia tangu kufungua hadi kufunga. Studio ikajaa mpaka watu wakakaa kwenye kiti cha kupigia picha, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Wakanywa chai, wakapiga makofi, wakaagana.

Lakini wateja, hata wa dawa.

Mama Springi alikuna kichwa. Tumejaa hivi, mbona kazi haiji? Akasogeza saa ya kikao. Akaongeza biskuti. Wanaokuja wakazidi, ila wateja hawakuonekana. Alikuwa haelewi kitu, na kila alipomuuliza mwenzake, mwenzake naye alikuwa haelewi.

Jumanne iliyofuata, kochi la mwalimu lilikuwa halijaisha, na mwenyewe alikuwa analifuata mchana. Mama Springi akamwomba mumewe.

"Nenda ukakae kwenye kiti changu. Fungua kikao, funga kikao, rudi."

Mume alirudi uso unang'aa.

"Mke wangu, leo nimekufanyia kazi! Mpiga picha alimleta daktari mmoja wa meno. Mama wa heshima. Viti vya chumba chake cha kusubiria vimechanika vyote, vimebonyea. Akauliza kama hapo kuna mtu wa viti."

Moyo wa Mama Springi ukaruka. "Ehe! Ukamwambia?"

"Nikamwambia mke wangu ni mtu wa makochi. Akauliza, anauza? Nikaona nisikuaibishe. Nikamwambia duka kubwa la viti ni la kaka yangu. Nikampa na namba."

Mama Springi akaweka nyundo chini taratibu.

"Kwa hiyo kazi amepata nani?"

"Amepata..." Mume akafikiri. "Familia."

"Mume wangu. Hivi unajua mimi nafanya kazi gani?"

"Si unashona makochi?"

"Makochi gani?"

"Ya watu."

Mama Springi akakaa sakafuni, palepale katikati ya springi. Alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kumrushia mtu sponji. Mtu analala naye nyumba moja, anaruka springi zake kila asubuhi, halafu hajui! Hasira zilimpanda, lakini zaidi alichanganyikiwa. "Kama wewe hujui, nani anajua?" akauliza.

"Anayejua hayupo," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa fundi wa vyerehani, mwanamke wa mtaa wa pili, amekuja kutia mafuta cherehani cha Mama Springi. Alikuwa amesimama pale muda, amesikia yote, na wala hakuona haya kusema hivyo. Yeye alikuwa katika kikundi kama hicho upande wa pili wa mji, na kikundi chao kilikuwa cha miaka mingi.

"Dada, niambie kitu," akasema huku akifungua cherehani. "Fundi bomba wako, yeye anafunga mabomba mapya au anaziba yanayovuja tu? Anachimba vyoo?"

"Sijui. Anayekuja ni mama mkwe wake."

"Na mama mkwe anajua?"

"Anajua kwamba mkwewe anapenda nyama."

Mume akacheka. Mama Springi akamtazama, na mume akaacha kucheka.

"Sasa utamtumiaje mteja?" fundi wa vyerehani akauliza. "Ukimwelekeza mtu kwa fundi, umemdhamini. Kazi ikiharibika, wa kwanza kutukanwa ni wewe. Kwa hiyo watu hawampeleki mteja wao kwa mtu wasiyemjua. Wananyamaza. Ninyi hapo mmejaza wageni. Hakuna anayejua kazi ya mwenzake."

"Lakini nilitaka viti vijae."

"Vimejaa. Umeshiba?"

Mama Springi akasema polepole, "Nikikataa wawakilishi watakuja watatu."

"Anza na hao watatu. Anza kwa saa mliyopatana, hata kama uko na mmoja. Anayeumwa aseme mapema, na kiti chake kibaki kitupu, watu wamkumbuke. Anayekosa mara kwa mara bila sababu, ampishe mwingine wa kazi ileile. Tembeleaneni kazini, mwone kwa macho. Na mkimpa mtu mteja, msitupe namba tu kama mnatupa ganda la ndizi. Pigeni simu hapohapo, mkutanisheni na fundi, kisha kikao kinachofuata muulizane: yule mteja, ilikuwaje?"

"Wataniona mkali."

"Si wamekupa uenyekiti? Ungependa wampe mama mkwe?"

Wiki nzima Mama Springi aliwaza jambo hilo. Fundi bomba alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Na kumrudisha mama mkwe wa mtu, mama mtu mzima, utaanzia wapi?

Jumanne ikafika. Mama mkwe akaingia, amejifunga kitambaa chake kizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikae wapi leo?"

"Mama yangu, kaa popote unywe chai. Wewe ni mgeni wetu. Ila kiti kile kinamngoja mkweo, aje mwenyewe."

Mama mkwe akamtazama, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Ahsante, Mungu akubariki! Kila Jumanne najivuta kuja hapa, na mpaka leo sijui nakuja kufanya nini."

Akanywa chai yake, akaondoka amefurahi. Aliyekasirika ni fundi bomba. Alipiga simu kabla kikao hakijaisha.

"Umemfukuza mama mkwe wangu!"

"Nimekuita wewe," Mama Springi akasema.

"Basi nimejitoa!"

Simu ikakatika. Wengine nao wakajitoa wiki hiyo. Walibaki Mama Springi, mpiga picha, fundi wa madirisha aliyekuja mwenyewe safari hii, na fundi wa kupaka rangi. Mama Springi hakujua kama amejenga au amebomoa. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na mumewe alikuwa haulizi tena. Hilo lilimtisha zaidi.

Kikao kilichofuata alibeba kiti kibovu mpaka studio. Alipokuwa anakiweka chini, mlango ukafunguliwa. Fundi bomba huyo, amefunga mikono kifuani, amenuna.

"Nimekuja kuona tu," akasema.

Mama Springi hakubishana. Akakifumua kile kiti mbele yao. Akawaonyesha springi iliyokatika, mkanda uliolegea, sponji iliyogeuka unga. Akavibadilisha vyote, mpaka kiti kikarudi kizima. Fundi bomba akasogea hatua kwa hatua, mwisho akawa amechuchumaa kabisa.

"Kumbe kitu kama hiki kinapona?" akasema. "Mimi naingia nyumba za watu kila siku! Naona makochi yamelala chini kama wagonjwa, watu wanataka kuyatupa. Mbona hukusema?"

"Nimesema miezi yote. Nilikuwa namwambia mama mkwe wako."

Walicheka mpaka fundi bomba akasahau kununa.

Mpiga picha akakumbuka jambo. "Yule daktari wa meno! Jamani, nilidhani wewe unashona mito tu." Hakutoa namba. Baada ya kikao alifunga studio, akamchukua Mama Springi na kile kiti, wakaenda kliniki. Daktari akakikalia, akajinyanyua, akakikalia tena.

"Nilikuwa sijaagiza vipya," akasema. "Bei za dukani zilinishtua. Unaweza kuvifanya vyote hivi?"

"Kwa zamu, ili wagonjwa wako wasisimame."

Siku ya mwisho wa mwezi, shemeji alifika kuchukua jibu lake. Alikuta karakana haina pa kukanyaga. Viti vya kliniki vilikuwa upande mmoja, na upande wa pili makochi ya wateja wa fundi bomba. Mume wa Mama Springi alikuwa anamweleza jirani mlangoni.

"Mke wangu hatengenezi mapya. Anafufua ya zamani. Springi, mikanda, sponji, kila kitu."

Shemeji akainama. Akagusa kiti kimoja, akakibonyeza.

"Kwa hiyo stoo kwangu huji."

"Siji, shemeji. Ahsante kwa kunifikiria."

"Kazi hizi zote zimetoka kwenye kile kikundi?" Akakohoa. "Hivi... muuzaji wa samani mpya mnaye?"

"Hatuna. Na wapo wateja ninaowaambia kochi lao halifufuki tena. Ningewaleta kwako."

"Basi niandikeni! Jumanne nitamtuma karani wangu."

Mama Springi akapigilia msumari, akapigilia na wa pili.

"Basi nafasi haipo, shemeji."

Jumanne hiyo, mpiga picha alipofika kufungua studio, alimkuta mwenye duka kubwa la samani amekaa ngazini peke yake, akisubiri mlango.