Nilimcheka Mjomba kwa Uongo wa Baba

Nina miaka ishirini na saba, nina shahada ya historia, na bado naishi kwa wazazi wangu, Ujiji. Chuoni walinichoka kwa maswali. Kila alichosema mhadhiri niliuliza, amejuaje? Lakini kuna mtu mmoja sikuwahi kumuuliza hivyo... baba yangu.

Baba ni kamanda mstaafu wa jeshi la majini. Wakati wa vita vya ng'ambo ya ziwa aliongoza boti ya doria upande wetu huu, na baadaye akapanda vyeo hadi juu. Aliyeanguka ni Mjomba Yusufu, mdogo wake mama, aliyekuwa chini yake kwenye boti hiyohiyo. Alifukuzwa jeshini. Tangu nipate akili nimeambiwa sababu: zamu ya kuangalia mbele ilikuwa yake, akasinzia, na mtumbwi wa wakimbizi ukazama karibu yao bila kuonekana.

"Ilikuwa Ramadhani ya kumi na tano, tumetoka kufuturu," baba husimulia. "Giza totoro. Mimi naona karabai za wavuvi wa dagaa tu."

Basi nikamdharau mjomba. Kwenye sherehe ya mahafali yangu alikuja na migebuka mikavu, ameifunga vizuri kwa gazeti. Mbele ya wageni nikamwambia, "Leo usingizi haujakupitia njiani?"

Watu walicheka. Naye akacheka kidogo, akaweka samaki mezani, akaondoka bila kula.

Mwaka huu baba alitaka kitabu cha maisha yake, nikiandike mimi. Nikaenda Kagunga, kijiji cha wavuvi kule mpakani, kutafuta wanaovikumbuka vita vile. Mama mmoja anayeanika dagaa alinisikiliza nikimsomea habari za usiku ule, huku anageuza dagaa wake. Akanikatiza.

"Kumi na tano mwezi si umejaa, mwanangu? Mbalamwezi hakuna anayeingia ziwani kuvua dagaa. Taa haivuti kitu. Sasa baba yako aliona karabai za nani?"

Nimezaliwa Ujiji, nafunga tangu nina miaka saba... hilo lilinipitaje? Usiku ule ziwa lilikuwa jeupe. Mtumbwi ulionekana.

Nilipomuuliza baba, alisema, "Wewe andika kitabu, maswali peleka chuoni." Alipoona siondoki akageukia dirishani. "Nilikuwa na amri ya kuwahi. Ningesimama kuwaokoa, cheo kingekwenda."

Cheo! Na waliozama je?

Mjomba nilimkuta anashona nyavu. Nikamuuliza kwa nini alikubali kubeba kosa lile.

"Baba yako alinipigia magoti. Dada yangu alikuwa na mimba yako. Shemeji akifukuzwa, mngekula wapi?" Akakaza fundo. "Nilidhani mwaka mmoja, miwili, atasema mwenyewe."

Nilianza kumwomba radhi, machozi yananitoka. Akanizuia.

"Radhi baadaye. Kaa chini nikwambie ilivyokuwa. Hamjawahi kuniuliza."

Nilikaa hapo mpaka adhuhuri. Baba amempata mwandishi mwingine, na sina shaka humo kitabuni giza bado ni totoro.

Wasomaji wenzangu, mimi niliyejiona mjanja wa kuhoji dunia nzima, nilimhukumu mtu kwa maneno ya upande mmoja kwa sababu upande huo nilikuwa naupenda. Kama kwenu kuna mtu mliyelelewa kumcheka, msipite nilikopita. Nendeni mkamuulize yeye, akiwa angali hai kujibu.