Mguu Kwenye Breki

Haya yalimpata rafiki yangu Osmel, hapa hapa mjini Matanzas. Teksi yake ya mwaka hamsini na nne ilikuwa ikivuja mafuta ya breki. Siku ya tatu ya kutafuta panapovuja, akiwa hoi, aliufuata unyevu bomba kwa bomba mpaka gurudumu la nyuma, akakuta mpira wa silinda umechanika. Akaubadilisha. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, kazi ya watu wawili: mmoja akanyage, mwingine alegeze nati.

Umeme ulikuwa umekatika, na gereji ilikuwa giza totoro mchana kweupe. Akajilaza chini ya gari.

"Yudeisy! Njoo unikanyagie breki!"

Akasikia mlango wa gari ukifungwa, na springi za kiti zikilia.

"Kanyaga." Pedali ikalia kwii. Akalegeza nati, upepo ukatoka, akaikaza.

"Achia."

Mara kumi na moja hivyo hivyo.

"Umenuna, mke wangu?"

Pedali ikalia kwii tena.

"Basi shikilia hapo hapo," akasema, akikaza nati.

Mara mlango wa barabarani ukafunguka, mwanga ukaingia.

"Foleni tangu asubuhi, na mkate umekwisha! Miguu siisikii," Yudeisy akasema. "Unaongea na nani huko chini?"

Osmel akatoka, akachungulia garini. Kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilikuwa imezama hadi sakafuni.

"Achia," akanong'ona.

Ikapanda taratibu.